Paa la Mheshimiwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Rugayah alikuwa amekwisha kufunga vifurushi arobaini vya wali wa nazi kwa majani ya mgomba, pilipili ya dagaa ndani, kipande cha yai juu. Mvua ikaanza, na jicho la kushoto la Mheshimiwa Tarmizi likaanza kudondosha maji kwenye sufuria.

"Mama, leo Chura analia," alisema dereva wa lori la mchanga akitazama juu.

"Sogeza sahani yako ule. Una kelele."

Kibanda kizima kilikuwa mabango ya uchaguzi. La ndani, lililotazama wateja, lilimwonyesha Tarmizi alipokuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye masharubu, na kasia, nembo ya chama chake. Chini yake herufi nyekundu: SOKO JIPYA LENYE PAA. La ubavuni amenenepa. Kasia ile ile, ahadi ile ile. La juu, lililokuwa paa, lilikuwa na nembo ya taa, maana katikati ya muhula wa pili aliruka chama, serikali ya jimbo ikaanguka, naye akapewa cheo, gari na dereva. Tangu hapo watu wakamwita Chura. Wapiga kura walimngoja, na miezi minane iliyopita wakamwangusha.

Rugayah aliwapikia wapiga debe wake chaguzi zote tatu, na kila kampeni ilipokwisha alibeba bango. Turubai zima, liachwe lioze? Soko lenyewe lilikuwa kibao tu, kimesimama kwenye majani nyuma ya kibanda.

Jana mgambo wa halmashauri walibandika karatasi: vibanda vyenye mabango ya siasa vitaondolewa kesho saa sita mchana, isipokuwa kwa barua ya mjumbe wa jimbo. Saa tatu Rugayah alifunika sufuria, akajifunga mtandio, akaenda.

Ofisi ya mjumbe ilikuwa ile ile ya Tarmizi, juu ya duka la baiskeli, karani yule yule, Normala. Picha ya ukutani tu ndiyo iliyobadilika.

"Nimefuata barua ya kibanda."

"Jina lako halimo, dada. Orodha inatoka tawi la chama. Wewe ulimpikia nani?"

"Na wewe ulimpigia nani chapa?"

Normala akacheka kidogo, akashusha sauti. Akavuta bango lililokunjwa chini ya meza, bado lanuka rangi. "Tandika hili juu. Bosi atapita saa kumi. Akijiona, atatia saini."

"Si mmekataza mabango ya siasa?"

"Hili si la siasa. Hili la serikali. Nitawaambia mgambo wakuruke."

"Basi nipe barua, nami nitalitandika sasa hivi."

"Bango kwanza, dada."

Rugayah akalikunjua. Sura ngeni, meno mengi, na chini yake herufi nyekundu: SOKO JIPYA LENYE PAA.

Akalikunja tena vizuri, akalirudisha mezani. "Litunzeni. Siku moja nanyi mtavujiwa."

Aliporudi alimkuta Tarmizi mwenyewe kwenye benchi, kofia ya pikipiki magotini, hana dereva.

"Rugayah, nishushe bwana. Watu wananicheka."

"Ngoja saa sita. Watakushusha bure."

Saa sita hawakuchelewa. Mgambo wanne waliruka kutoka kwenye lori, wakang'oa nguzo, wakabeba meza, wakafika kwenye benchi. Tarmizi akasimama.

"Kijana, unanijua mimi?"

"Nakujua, mzee. Wewe ndiye uliyenipa kazi hii. Sogea."

Akasogea. Bango la masharubu likatupwa lorini, la ubavuni likafuata. La juu lilichanika, nusu yake ikabaki kwenye matope. Sufuria hawakuichukua, na kibao cha soko hawakukigusa.

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Vifurushi kumi na vinne vilikuwa bado kapuni, na wauguzi wa zahanati ya ng'ambo ndio kwanza walikuwa wanatoka kwenda kula. Rugayah aliokota nusu ya turubai, akafunga pembe mbili kwenye kibao cha soko, akamtolea Tarmizi pembe zilizobaki.

"Shika."

"Mimi?"

"Miaka kumi na moja sura yako imenikinga mvua. Leo tumia mikono."

Tarmizi aligeuka nyuma, kama mtu anayemtafuta dereva wake. Kisha akashika, akainua. Muuguzi mmoja akavuka barabara mbio, akainama chini ya turubai.

"Mama, kumbe upo?"

"Nipo. Vingapi?"

"Vitatu."

Tone likadondoka kwenye kifuniko cha sufuria, likafuatwa na jingine. Rugayah hakugeuka.

"Inua kidogo, Mheshimiwa. Unavuja."