Kengele ya Sorcha

Siku ya harusi yao kule Mayo, Ayalandi, mama mkwe Nuala alimpa Sorcha kengele ndogo ya shaba. Ndiyo desturi yao: maharusi huipiga kanisani, kisha huiweka nyumbani, na wakigombana, mmoja akiipiga tu, ugomvi hukoma papo hapo.

Donal, mumewe, aliipenda mno. Akirudi amelewa, anaipiga. Alisahau kumchukua baba yake Sorcha hospitalini, akaipiga. Na Sorcha kila mara akayameza maneno yake.

Jumapili moja, Nuala akinywa chai mezani kwao, Donal alimwambia mkewe, aliyekuwa mwalimu, "Nimempigia simu mwalimu mkuu wako. Nimemwambia umeacha kazi."

"Umefanya nini?"

"Utulie nyumbani, mke wangu." Alipomwona anafungua mdomo, akaipiga kengele.

"Haya, imeshalia," Nuala akasema. "Yaishe, mwanangu."

"Hayaishi, mama!" Sorcha akadakia. "Ulinipa hii tupatane. Mwanao kaifanya kizibo cha mdomo wangu!" Akaipokonya kengele, akaushika ule ulimi wa ndani unaoigonga, akaunyonga mpaka ukang'oka.

"Unaharibu kitu cha harusi!" Donal akafoka.

"Nani kaanza kuharibu? Sema!"

Nuala alikitazama kikombe chake, kisha akamgeukia mwanawe. "Mpigie huyo mwalimu sasa hivi. Mwambie ulidanganya."

Donal akapiga, akakiri kuwa alidanganya. Sorcha alisimama mbele yake akisikiliza neno kwa neno, na hasira yake haikupungua hata chembe.