Vidole vya Munira

Munira alikuwa na miaka ishirini na miwili alipopokelewa kujifunza ususi kwenye saluni ya Herieth, pale Mtoni, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa kwanza alifagia, akaosha vichwa, akachambua rasta, zile nywele za bandia, na kumpa Herieth fungu kwa fungu. Mwaka wa pili akaanza kusuka mwenyewe, na hapo ikaonekana ana vidole. Mistari yake ya mtindo wa twende kilioni ilinyooka kama imepigwa rula, na hakuwa na tabia ya kuvuta nywele mpaka mteja atokwe machozi.

"Mdogo wangu, mie sijakufundisha," Herieth alimwambia siku moja. "Ni kama nimekukumbusha tu."

Muwasho ulianzia katikati ya vidole. Munira akadhani ni sabuni. Vikaja vilengelenge, kisha ngozi ikaanza kupasuka. Akajaribu glavu, jasho likazidisha. Mwisho akaenda zahanati. Daktari, mama mmoja mpole, aliigeuza mikono yake mara mbili.

"Kazi yako nini?"

"Msusi."

"Mwili wako umezikataa dawa za nywele. Hasa piko, hii rangi nyeusi. Ukishakataa, ndiyo basi, haubadili mawazo."

"Nikisuka tu, nisiguse dawa?"

"Hivyo vichwa unavyosuka havina dawa?"

Munira hakukumbuka mara ya mwisho kushika kichwa kisicho na dawa.

Hakumwambia mtu. Alimeza vidonge vya muwasho, akawa anasuka huku amewageuzia wateja mgongo wa mkono, upande uliokuwa na nafuu. Mwezi mmoja ulipita hivyo. Ndipo Nusaiba, rafiki yake tangu madrasa, akatuma ujumbe: anaolewa Ijumaa, na anataka kusukwa na Munira, si mtu mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza bibi harusi kumwita kwa jina. Munira aliusoma ujumbe ule mpaka akaujua kwa moyo.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa kina Nusaiba pamoja na Herieth, aliyekwenda kumjaribishia bibi harusi vipodozi vya kesho yake. Chumba kilijaa wanawake, udi na vicheko. Nusaiba alikaa mkekani, amejifunga kanga nyeupe mabegani. Munira akagawa nywele, akaanza. Kwa saa nzima hakusikia maumivu yoyote. Mistari ilikuwa inatoka myembamba, inapinda pale alipotaka ipinde, na wanawake walikuwa wananyoosha shingo kutazama.

Kidole cha shahada kilipasuka bila yeye kujua. Aliyeona kwanza ni shangazi yake bwana harusi.

"Hii damu ya nani?"

Kwenye kanga, bega la kushoto, palikuwa na matone matatu.

"Hebu lete mikono, binti." Shangazi akaitazama bila kuigusa. "Una ugonjwa gani?"

"Ni aleji, shangazi. Haiambukizi. Daktari kasema ni dawa tu…"

"Wote husema hivyohivyo. Mtoeni huyu, wamlete mwingine."

Munira alimtazama Nusaiba. Nusaiba alishika ncha ya kanga, akatazama mkeka. Pengine aliogopa ukwe aliokuwa anauingia. Munira alisubiri neno moja tu, hata "jamani". Halikuja. Herieth akanawa mikono, akakaa nyuma ya bibi harusi, akamalizia kichwa.

Jumatatu Herieth alimwita nje ya saluni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wateja wananiuliza, Munira. Nifanyeje?"

"Naelewa, dada."

Miezi mitatu baadaye mikono ilipona. Ngozi ikarudi laini, na Munira akawa ameajiriwa kuuza ndoo na mabeseni ya plastiki huko Mbagala. Jioni moja mama yake, Bi Mwanakombo, alimkuta amekaa anavitazama vidole. Akaleta kigoda na chanuo, akakaa mbele ya magoti yake.

"Nisuke mie, mwanangu. Nani atakufukuza kichwani kwangu?"

Munira alisuka taratibu, ili kazi isiishe upesi. Mama akasinzia.

Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba, haviwezi kukunjika. Bi Mwanakombo aliviona, akajishika kichwa.

"Piko! Nimepaka wiki iliyopita kuficha mvi. Ni mie nimekuumiza."

"Si wewe, mama."

"Nitaacha kupaka. Mvi na ziote."

"Kisha nisuke kichwa kimoja maisha yangu yote?"

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na mama akaenda kuchemsha maji ya chumvi.

Mwezi uliofuata Bi Mwanakombo alirudi nyumbani amesukwa kwingine. Aliingia amejitanda kanga, akaivua polepole, kama mwenye kosa. Mstari wa tatu ulikuwa umepinda. Juu ya sikio nywele zilivutwa mno, ngozi imetutumka vipele.

"Wamekusuka vizuri," Munira alisema, akaenda kuoga, alale mapema, kesho awahi kazini.