Kipa wa Vipofu

"Kushoto kweupe, Adailton! Kushoto!"

Genivaldo alipaza sauti kutoka golini, na Adailton, ambaye hakuwahi kuona mwanga tangu utotoni, akauburuta mpira kuelekea kushoto bila kusita. Njuga za ndani ya mpira zikalia kwa kasi.

Kushoto hakukuwa kweupe. Mshambuliaji wa timu ya wageni alikuwa anakuja kutoka pembeni, kichwa mbele. Neno "voi", ambalo kila mchezaji kipofu hulitamka anapouendea mpira ili wenzake wamsikie, lilimtoka likiwa limechelewa. Vichwa viligongana kwa mlio mkavu. Adailton alianguka kifudifudi, damu ikamtoka puani na mdomoni.

Genivaldo alibaki amesimama kati ya milingoti ya goli. Hakumwona mtu yule mpaka alipokuwa juu ya rafiki yake.

Genivaldo alikuwa mkata ngozi katika karakana ya makubadhi mjini Campina Grande. Dona Zuleide, kocha, ndiye aliyemfuata kazini siku moja akitafuta kipa, kwa kuwa katika mpira wa vipofu kipa ndiye peke yake anayeona. Wenzake wa karakana walimcheka wakisema hata bibi zao wangeweza kuwadakia vipofu. Jioni ya kwanza golini alifungwa mabao mpaka akaacha kuhesabu. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Karakanani mashine zilimeza maneno ya kila mtu. Uwanjani aliposema "rudi", watu walirudi.

Kisha, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohana, alishangaa kuona mioto ambayo majirani huwasha nje usiku huo imepungua. Haikuwa imepungua. Daktari alimwambia macho yake yanakufa kuanzia pembeni, na kilichokwisha kufa hakitarudi. Alipewa dawa ya matone. Hakumwambia mtu, hata mkewe Ivonete. Alijizoeza kugeuza shingo, akajiambia atadaka mechi moja zaidi, kisha nyingine.

Baada ya mgongano ule, hospitalini alimkuta Adailton ameegemea mto, uso umevimba, meno mawili ya mbele hayapo.

"Ni wewe," Adailton alisema kabla hajasalimiwa. "Unanuka gundi ya karakana."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Hukumwona, au ulichelewa kumwona?"

Genivaldo angeweza kudanganya. Alikuwa amekuja na uongo wake tayari: jua lilimpiga machoni.

"Sikumwona. Upande ule sioni tena."

"Tangu lini?"

"Tangu Mtakatifu Yohana."

Adailton alilipapasa lile pengo jipya kwa ulimi.

"Mimi nimezoea kutoona," alisema. "Najua nitembeeje, nimwamini nani. Wewe ulijua, na bado ukaniambia nikimbie." Akageuza uso kuelekea ukutani. "Nenda. Mama yuko njiani, na akikukuta hapa nitalazimika kumwambia."

Genivaldo alimpelekea Dona Zuleide glavu zake na kumweleza yote. Kocha hakumbembeleza wala kumtukana. Alizipokea tu, akafunga mlango. Karakanani kisu kilimpasua kidole gumba, akahamishiwa kwenye kazi ya kupaka gundi, na kabla ya Krismasi akaambiwa asirudi. Akawa mtu wa nyumbani. Ivonete, ambaye sasa alijua, akaacha kuhamisha viti ili mumewe asijikwae, na wakati wa kula alimwekea kijiko mkononi bila kusema kitu, jambo lililomuumiza kuliko kama angesema.

Dona Zuleide alipopiga simu kumwita mazoezini, si kama kipa bali kama mchezaji, Genivaldo alikataa. Kocha akapiga tena. Mara ya tatu Ivonete ndiye aliyepokea, akajibu kwamba mumewe atakuja, kisha akamwongoza kwa mkono mpaka uwanjani.

Wachezaji waliitambua sauti yake. "Mradi tu asituelekeze," mmoja alisema, na hakuna aliyecheka. Dona Zuleide alimfunga kitambaa cheusi machoni, kama ilivyo sheria kwa wote isipokuwa kipa, na ule mwanga mdogo aliobakiwa nao katikati ukazimika. Genivaldo alisogea, mikono mbele. Alikosa mpira, akajigonga kwenye ubao wa pembeni, akaanguka, akainuka. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemsukuma pia.

Kisha mvua ikashuka, nzito, juu ya bati la jukwaa, na njuga hazikusikika tena. Mvua ikija hivyo, wachezaji husimama pale pale walipo, maana kusogea bila kusikia ni hatari. Genivaldo naye akasimama. Maji yalimtiririka shingoni. Karibu naye, pengine kwa umbali wa mkono, mtu alikuwa anapumua kwa mdomo, na pumzi ile ilipita kwenye pengo la meno ikitoa mluzi mwembamba.

Genivaldo alijua ni Adailton, naye hakurudi nyuma. Mluzi haukusogea. Mvua iliendelea kunyesha juu ya wote wawili.