Ninyi ya Mtu Mmoja

...na si kwamba alipanga, Asger anajiambia, ameshika nguzo ya tramu na maji ya mvua yanamchuruzika shingoni, hakupanga hata kidogo, neno lilimponyoka, lakini mtu haponyokwi na neno ambalo halikuwa limekaa mdomoni likingoja, na Odile yule pale, viti vinne mbele, kisogo cheupe na kola ya koti la mvua la kijani, hajageuka tangu wapande, na tramu imekwama katikati ya daraja, dereva katangaza kuna gari limezimikia relini, mtulie kidogo, watu wakaguna, na Thibaut, mwanafunzi mwenzake, anasema, "Basi leo tunalala humu, nani kabakiza mvinyo?" na Clémence anacheka, kichwa chake kilicholowa kimeegemea bega la Asger, jambo alilolitamani majira yote ya baridi, sasa limekuja na halina ladha... habari zenu, Bibi Vuillemin. Ndivyo alivyomwambia. Zenu. Mtu ambaye asubuhi hii hii alimwuliza, Odile, sukari umeificha wapi, naye akajibu iko mbele ya pua yako, mtoto wewe, laiti pua ingekuwa na macho... maana Wafaransa wana wewe mbili, moja ya jikoni na moja ya mlangoni, na ile ya mlangoni humwita mtu mmoja ninyi kana kwamba kaja na ukoo mzima, na kwao Struer hakuna mambo hayo, huko Denmark mwalimu ni wewe, daktari ni wewe, mchungaji ni wewe, labda mfalme tu ndiye wa kuambiwa ninyi na nani hukutana na mfalme dukani, ndiyo maana alipofika Besançon alimwita profesa wa sheria wewe mbele ya darasa zima, watu wakavunjika mbavu, na Thibaut akilewa mpaka leo humwigiza, kifua mbele, "Wewe profesa, choo kiko wapi?"... na Odile naye, siku ya kwanza alipokuja kupanga chumba kwake, mlangoni, begi mkononi, wewe ndiye Odile? Akainua nyusi. "Mimi ni Bibi Vuillemin, kijana, na ninyi mtavua viatu." Wala hakucheka. Wakakaa hivyo miezi, wawili jikoni wakiitana kundi, ninyi mnataka supu, ninyi mmesahau kuzima taa, mpaka ilipompata ile homa ya Februari, akalala siku asizozijua, na mtu akawa anamgeuzia taulo la maji kwenye paji, na yeye katika kuweweseka akamwita mama, kwa Kideni, mara nyingi, lakini neno hilo halihitaji mkalimani, na homa iliposhuka Odile akamsogezea bakuli, akasema bila kumtazama, "Sasa yatosha. Mimi ni Odile, na wewe ni wewe. Ukiniita ninyi tena nitajua hunitaki." ...Nitajua hunitaki. Alisema hivyo, akampa kijiko. Na mwalimu wa lugha alipohadithiwa alifunga kitabu, akamwambia, hiyo si ndogo, Asger, mtu wa umri ule, mkubwa ndiye hutoa kitu hicho, ile wewe, na mdogo hupokea, na kikishapokelewa hakirudishwi, kukirudisha ni kumfungia mtu mlango usoni, na yeye alitoka darasani anatembea kama mtu aliyevishwa nishani, alikuwa na fahari, ndiyo, fahari hasa, basi ilienda wapi leo?

"Asger, unaota," anasema Clémence, naye anasema hapana, nimechoka tu... ilienda wapi, inajulikana ilikoenda, ilikwenda kwa Loïc, maskini Loïc ambaye hata hakuwepo, walikuwa wamekaa kwenye nyasi kando ya mto, mkate na jibini na ile chupa ya Thibaut, na Thibaut akaanza, mnajua Loïc bado anaishi na bibi yake, bibi ndiye anampigia pasi chupi, na Clémence akacheka mpaka akashika tumbo, mwanamume mzima, akasema, mwanamume mzima analelewa, na Asger akacheka kuliko wote, akacheka huku soksi alizovaa zimekunjwa jana na mkono wa Odile, na mara hiyo hiyo sauti ile nyuma yake, kutoka njia ya watembea kwa miguu, "Asger, mwanangu, umekula?" na alipogeuka alimwona amesimama na maua ya kaburini yaliyobaki, ametoka kwa marehemu mumewe, kila Jumapili huenda, na ana furaha, hilo ndilo linalomchoma, uso wake ulikuwa na furaha ya kumkuta mtu wake mahali asipomtarajia, na nyuma ya Asger Thibaut tayari anavuta pumzi ya kucheka... na yeye akasimama, akajipangusa makombo, akasema, "Habari zenu, Bibi Vuillemin," kisha kwa wenzake, kwa sauti ya mtu anayetambulisha jengo, "Ndiye mwenye nyumba ninayopanga." Heri kujikwaa dole. Kidole huvimba, kikapona.

Na yeye Odile hakuchelewa hata kidogo. Alimtazama Clémence kwanza, kisha yeye, akasema, "Njema, bwana. Mnisamehe, nilidhani ni mtu mwingine, macho yangu haya," akaenda zake, na lile bwana lilimwingia Asger kama kibao, amelibeba tangu mtoni mpaka kituoni, amenipiga, amenilipa palepale, ni haki yangu, nikifika nyumbani nitamwomba radhi na atanuna siku mbili kisha yataisha... "Maskini yule bibi," anasema Clémence, taratibu, maana kisogo kile wote wanakiona, "alikufananisha na mjukuu wake, nadhani." Na Asger anasikia mdomo wake ukisema, "Labda." Labda. Ndani ya tramu iliyozima injini, kimya, viti vinne tu, naye masikio yake mazima, na macho... macho yake yana nini? Mwanamke aliyepachika mishale ya saa za kike kiwandani maisha yake yote, anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani huku akibishana na redio, anayesoma maandishi ya kopo la dawa upande wa pili wa jiko, huyo macho yake yana nini, hayana kitu, hajawahi kumfananisha mtu na mtu katika uhai wake... basi kwa nini alisema... na Asger anaiona tena ile nukta, alimtazama Clémence kwanza. Kwanza Clémence. Akaona msichana, akaona chupa, akaona Thibaut na kile kicheko mdomoni, akaelewa yote kabla neno la Asger halijatua, na akalichukua yeye, lile mwanangu lililokuwa limebaki hewani la kuchekwa akaliokota akasema ni kosa lake, ni uzee, ni macho, na lile bwana halikuwa kibao, alikuwa anamsitiri, alijifanya kipofu mbele ya watoto wa watu ili yeye Asger aonekane mwanamume... Na hatanuna. Kesho asubuhi atamwuliza mmelala vizuri, kwa upole, na kesho kutwa, na mpaka Juni atakapofunga mizigo, maana alishasema atajua, na sasa anajua, na kitu hiki mdogo hawezi kukiomba, mwalimu alisema, mkubwa ndiye hutoa, na mkubwa alishatoa.

"Ikikaa hivi dakika tano zaidi nashuka kwa dirisha," anasema Thibaut, hakuna anayecheka, mvua inapiga vioo, na mbele kule Odile anainua mkoba wake kutoka kiti cha pembeni, anauweka mapajani, kiti kinabaki kitupu, na sasa ndipo anageuka, nusu tu, macho yake mazima yanamtafuta Asger kati ya watu, yanaona nywele zinazomdondoka maji, anafungua mdomo kama anayetaka kusema utaugua tena wewe, kisha macho yanafika begani, kwenye kichwa cha Clémence, naye Asger ana hatua chache tu za kwenda, na miguu yake imesimama, na Odile anatabasamu kidogo, kwa ajili yake, anageukia mbele na kuurudisha mkoba kitini.