Mvumo wa Amplifaya

Thuwaiba hakuwa mtu wa kubabaika. Wakil, fundi aliyeitwa mwanzo, alisema transfoma ya amplifaya imeungua. Thuwaiba alimshukuru kwa adabu, kisha akakaa na kanuni, ala yake ya nyuzi, mapajani. Ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi Bi Sheikha alitakiwa amwimbie mjukuu wake Reem, biharusi. Tangu atibiwe koo, sauti ya bibi huyo haivuki mlango bila ya spika, na leo spika zilinguruma kiasi cha kummeza.

Kila amplifaya kongwe huvuma kidogo. Kwa miaka sita Thuwaiba alikuwa akiusikia mvumo wa hii kila anapokaza nyuzi. Aligusa uzi wake mnene, akasikiliza. Sauti ni ile ile, ila imeshuka ngazi nzima, kama mume anayeimba wimbo wa mkewe.

"Transfoma ni nzima, kaka Wakil," alisema. "Ni dayodi moja tu."

Akamweleza huku akifungua skurubu. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde, na amplifaya inataka unaokwenda upande mmoja. Ndani mna dayodi nne, kila moja hupitisha umeme upande mmoja na kuukatalia mwengine. Zikishirikiana, hata ule unaorudi hugeuzwa ukaenda na wenziwe. Misukumo hamsini ikawa mia, na mvumo ukawa mwembamba. Ikifa dayodi moja, nusu ya umeme inapotea na mvumo unarudi hamsini, mzito.

Wakil alizipima kwa mita. Ya tatu ilikuwa imekufa. Naye ni muungwana: alikwenda mwenyewe kuchomoa nyengine kwenye televisheni mbovu dukani kwake, akaichomelea.

Saa kumi kasorobo spika zilitulia. Thuwaiba alifurahi na hakuificha furaha yake.

Bi Sheikha alimvuta pembeni.

"Umenimaliza, mwanangu. Nilikuwa nshapata udhuru."

Kumbe bibi aliionea haya sauti yake, na alikuwa akiomba mvumo ule usiondoke. Thuwaiba alimhurumia, lakini hakumbembeleza.

"Ntakupigia kwa sauti ya chini, Bi Sheikha. Wewe nifuate tu."

Saa kumi sauti ya bibi ilitoka nzito, yenye mikwaruzo, na hapakuwa na kelele ya kuificha. Kila neno lilisikika mpaka barazani. Reem alilia hata wanja ukamtiririka, na mpambaji wake hakuthubutu kumfuta.