Macho Yaliyopasuliwa Kwenye Karatasi

"Kompyuta inaonyesha macho yako yote mawili yalishapasuliwa, mama," alisema muuguzi wa hospitali kuu. Shangazi yangu aligeuza uso kuelekea ilikotoka ile sauti.

"Basi walinipasua nimesinzia," alijibu. Watu kwenye foleni wakacheka.

Katika zahanati ninakofanya kazi ya ukarani, mgonjwa husaini fomu tatu za bima kabla ya kumwona daktari. Moja ya leo na mbili za akiba, tunamwambia, ili siku nyingine asisumbuke. Za akiba humfikia mwenye zahanati, naye hunirudishia na orodha ya matibabu nijaze. Nilijua ni matibabu hewa, yasiyowahi kufanyika. Nilijifariji kwamba inayoibiwa ni serikali, na serikali haina shangazi. Majina sikuyasoma; nilinakili namba za kadi tu, harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mtoto wa jicho alipoanza kumsumbua shangazi, mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka pale kuchukua dawa ya matone, nikamshika mkono asaini mara tatu. Bima hulipia upasuaji wa kila jicho mara moja tu.

Wiki nzima sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Nilifua hata nguo safi. Mwenye zahanati akanipigia simu.

"Wakija wakaguzi, wewe hujui kitu. Tumeelewana?"

Nikaitikia, kisha nikajichukia.

Mkaguzi wa bima alifika nyumbani kwetu asubuhi, faili kwapani. Alimhoji shangazi kwa upole, halafu akanigeukia na fomu mkononi.

"Dada, mwandiko huu unaufahamu?"



"Hebu lete nione," shangazi alidakia. Akaipokea fomu, akaisogeza karibu na pua, akaikazia macho kitambo kirefu. "Huu si wake. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, ningeujua."

Alikuwa ameishika juu chini.

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa tayari. Angeweza kuandika jibu hilo akaenda zake, na macho ya shangazi yakabaki yameshapasuliwa. Nilisogea, nikaitoa karatasi vidoleni mwa shangazi taratibu, nikaigeuza.

"Ni wangu," nilisema.

Shangazi alinyoosha mkono, akapapasa hewani akinitafuta, nami niliona haya kuushika.