Kengele ya Saa Sita

Yusra binti Himid hakuwa na haya ya kujisifu, na siku ile alikuwa na haki yake. Saa ya mnara wa kanisa kongwe la Mji Mkongwe, iliyokuwa imelala miaka kumi na moja, ilikuwa inatembea tena. Aliyeiamsha ni yeye, fundi saa wa Mchangani, Muislamu mwana wa Muislamu, mwenye grisi mpaka kwenye ushungi.

Wala si ajabu. Saa ile ilifungwa pale mnarani na babu wa babake, na tangu hapo ufunguo wake haujatoka nyumbani kwao. Mapadri walikuja wakaondoka, bendera zikabadilishwa, ukoo wa Yusra ukaendelea kupanda ngazi za mnara kila Ijumaa baada ya sala kwenda kuitia ufunguo. Alipofariki babake ndipo saa ikasimama, maana hakuna aliyefikiri kwamba binti naye ana mikono.

Sasa wafadhili wa kanisa walikuwa tayari kuleta mashine ya umeme, na mtaalamu wao, mgeni wa kutoka Ulaya, alikuja kuamua. Saa ya zamani ikiwa nzima, itabaki. Ikiwa mbovu, ing'olewe.

Walisimama mnarani watatu: mgeni, Padri Anselmi na Yusra. Mishale ikakutana juu, kwenye kumi na mbili. Jua lilikuwa utosini. Kengele ikapiga mara sita, ikanyamaza.

Mgeni akatazama saa yake ya mkononi, akatikisa kichwa, akaandika neno moja kwenye daftari lake, akalifunga. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha kumkera mtu.

"Mbovu. Kumi na mbili, inapiga sita."

"Mbovu?" Damu ilimpanda Yusra. "Kumi na mbili ya kwenu hiyo, bwana!"

"Yusra, mwanangu," Padri akasema kwa upole, "huwezi kuifanya ipige kumi na mbili, yakaisha?"

Aliweza, na hilo ndilo lililomuuma. Palikuwa na mkono mdogo wa chuma. Ukiunyanyua mara sita, kengele inakwenda sawa na mishale. Kazi ya dakika mbili, na saa ingesalimika. Lakini babu wa babake ndiye aliyevitenganisha makusudi, pale watu wa mji walipolalamika kwamba mchana kweupe wanapigiwa kengele ya magharibi. Uso wa saa akawaachia wageni na meli zao. Kengele akawapa wenye mji.

Vidole vyake vilikuwa vishafika kwenye chuma. Akavirudisha.

"Utanisamehe, Padri. Mie siugusi. Kama ni kung'olewa, na ing'olewe inasema kweli."

Padri Anselmi akaenda dirishani. Chini, langoni, Bi Biasha muuza bajia alikuwa anafunika beseni lake, ajiondokee.

"Bi Biasha! Saa ngapi?"

"Saa sita, Padri! Kengele si ishapiga? Hujaisikia, nawe umo humo humo?"

Maneno yalikuwa yashamtoka ndipo mwenyewe akashtuka. Akainua uso, akaitazama mishale, akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Imerudi! Jamani, saa yetu imerudi!"

Akapiga kigelegele. Kingine kikajibu kutoka ghorofani ng'ambo ya kichochoro, na watu wakaanza kutoka madukani, shingo juu, wakionyeshana. Yusra alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, naye hakuyaficha.

Mgeni alisogea dirishani akawatazama.

"Wote wanahesabu hivi?"

"Kisiwa kizima," Yusra akamjibu. "Na bara pia."

"Na saa inayokuja, itapiga saba?"

"Saba. Ukitaka kaa uhesabu."

Mgeni akafungua tena daftari lake, akakata lile neno aliloandika. Kalamu ikabaki hewani.

"Niandike nini?"

"Andika nzima," Padri akasema.

"Na jina la fundi," Yusra akaongeza, akijifuta uso kwa mkono wenye grisi. "Yusra binti Himid. Kwa herufi kubwa."